Usukani wa Kidole Kimoja

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Madamu Dorah ametupa kazi ya kuandika shajara mpaka mvua zitakapokwisha. Amesema kila siku tuandike hali ya hewa na jambo moja la kweli, hata likiwa dogo.

Hali ya hewa: jua kali, mawingu yamesimama upande wa Kolandoto lakini hayakushuka. Jambo la kweli: Mama ameshindwa kulitoa gari uani.

Nieleze vizuri. Gari letu ni Peugeot 504 ya rangi ya maziwa. Alilinunua babu mzaa Mama mwaka 1984, alipokuwa bwana shamba wa pamba, na alipofariki alimwachia Mama badala ya wajomba, na wajomba wakanuna miaka miwili. Usukani wake ni mgumu. Gari likiwa limesimama, inabidi uinue mabega na uvute kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Mama aliuweza. Hapa mtaani kwetu Kambarage watu wanamwita Mama Pijo, na wengine hawajui kwamba jina lake ni Generosa.

Mwezi wa sita alipasuliwa titi la kulia, Mwanza. Kidonda kilipona, lakini mkono wa kulia ukaanza kuvimba kutoka kwapani mpaka vidoleni, na mpaka leo haujarudi. Anaufunga bendeji kila asubuhi na kuufunika kwa mtandio.

Leo alikaa kwenye usukani, akawasha, akakata kulia apate kutoka getini. Usukani ulizunguka robo ukarudi. Akajaribu kwa mkono wa kushoto peke yake. Kisha akazima gari, akabaki amekaa mle ndani. Nilikuwa nimeshika geti, nimevaa sare yangu ya shule. Baada ya muda akasema nitachelewa namba ya asubuhi shuleni.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi lililolowa iliingia darasani katikati ya somo la Hesabu na mwalimu akasimama kidogo kuinusa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mawingu. Bibi Klara amepiga simu.

Bibi Klara ni mama yake Mama. Anaishi Ushetu, kwenye shamba lake la tumbaku, na kila Jumamosi hupanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, kwa sababu mtandao unapatikana hapo tu. Hajui kwamba Mama anaumwa. Mwaka juzi alimzika mtoto wake mkubwa, na Mama alisema, "Nilimwona akizika mmoja. Sitaki aanze kunililia nikiwa hai." Kwa hiyo sote tunanyamaza, wajomba pia.

Kila Desemba Mama huendesha mpaka Ushetu, humpakia Bibi mbele, na kumzungusha kutwa nzima: kanisani, kwenye ghala la chama cha tumbaku, kwa rafiki zake wa zamani. Baba hawezi kumwendesha. Kwa desturi yao mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Akifika kule hushuka kabla ya nyumba na kubaki kwa majirani mpaka aitwe. Kwa hiyo Bibi amezoea kumwona Mama akiingia uani akiwa ameshika usukani. Akimwona amekaa kiti cha abiria, atajua mara moja.

Leo Mama alinipa simu nizungumze mimi. Bibi aliuliza tunakuja lini. Nikasema gari ni bovu.

"Lina nini?"

"Usukani, Bibi."

Akasema tuwahi, mbuga ya njiani ikijaa maji hatutapita. Madamu Dorah, hili ndilo jambo la leo, na sijui kama ni la kweli.

Jumapili, 10 Novemba

Jua. Baada ya misa alikuja Fundi Boaz, ambaye gereji yake iko mtaa wa pili. Alikaa kwenye usukani, akaukata huku na huku, akashuka anajipapasa bega.

"Shemeji," akamwambia Mama, "hili gari linataka mtu aliyekula ugali wa watu wawili."

"Nilikuwa naula," Mama akasema.

Boaz aliacha kucheka. Baadaye akaeleza kwamba inawezekana kuweka pawa stelingi. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye reki ya usukani, kile chuma chenye meno kinachogeuza matairi, na yale mafuta ndiyo yanayofanya kazi ya mabega. Hili letu halikuja na kitu hicho, lakini ndugu yake mdogo, Peugeot 505, alikuja nacho, na reki yake inakaa mahali pale pale. Tatizo ni kumpata huyo ndugu.

Baba alisema gari lililotengenezwa mwaka 1978, ambalo babu mwenyewe alilinunua likiwa limetumika, liachwe lilivyo. Baba ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na hapendi kuchokoza kitu kinachofanya kazi. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, akasema, "Nataka niendeshe mpaka kwa mama. Siku moja tu. Baada ya hapo mkitaka liuzeni."

Jumamosi, 16 Novemba

Bibi: "Fundi anasemaje?" Mimi: "Anatafuta spea, Bibi."

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Bibi hakupiga. Huenda kichuguu kinateleza.

Jumatatu, 2 Desemba

Mtihani wa Fizikia. Swali la sita lilihusu shinikizo katika vimiminika. Nilijibu nikiifikiria pampu.

Jumamosi, 7 Desemba

Shule ilifungwa jana. Leo nimekwenda Geita na Baba na Fundi Boaz.

Boaz alikuwa amesikia kwa madereva kwamba Mzee Gulamali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana 505 nyuma ya ghala. Mjini kulikuwa na tope jekundu na wachimbaji waliokuja kununua mabati na kamba. Mzee Gulamali alikuwa nyuma ya kaunta na miwani juu ya kichwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Boaz alipotaja gari, alisema haliuzwi, na kwamba ameshawaambia watu wengi.

Baba si msemaji. Nilidhani tutageuka turudi. Lakini alisema, polepole, kwamba hataki gari, anataka usukani wake tu, kwa ajili ya mke wake ambaye mkono wake umeharibika. Mzee akaishusha miwani.

Alitupeleka nyuma. Gari lilikuwa chini ya turubai, tairi zimekufa, lakini ndani kulikuwa safi na kwenye kioo ilining'inia tasbihi ya bluu. Alisema lilikuwa la mke wake, Tahera. Boaz na Baba walilala chini kuanzia saa tano mpaka saa tisa, wakatoa reki, pampu, puli na mipira yake ya kupitishia mafuta. Mzee aliagiza chai, akasimama pale muda wote, na kila nati iliyotoka aliipokea na kuiweka kwenye kopo ili isipotee.

Tulipokuwa tunaondoka aliniita mimi. "Mwambie mama yako asikate usukani mpaka mwisho kabisa. Pampu hulia. Tahera alikuwa akiukata mpaka pampu inalia, na mimi namgombeza." Halafu akarudi dukani, na hakutuaga.

Jumanne, 10 Desemba

Manyunyu. Reki ya zamani imetoka. Baba amechukua likizo kiwandani. Mimi ninasafisha nati kwa mafuta ya taa.

Alhamisi, 12 Desemba

Kishikio cha pampu hakikukaa vizuri kwenye injini yetu. Baba ametengeneza kingine kutoka chuma cha mashine ya pamba iliyokufa. Amekichonga siku nzima, akipima, akikwangua, akipima tena. Ninaona anachelewesha. Mama amelala tangu saa nne na leo hakuuliza kazi imefika wapi.

Jumamosi, 14 Desemba

Bibi: "Usukani bado?" Mimi: "Bado kidogo, Bibi." Akasema tumbaku imeshika vizuri na anatamani Generosa aione kabla haijachumwa.

Jumatano, 18 Desemba

Jua la kupendeza baada ya mvua, na majani ya mihogo yanang'aa.

Leo wamemaliza. Boaz ana tabia moja: akishakaza nati, huchukua rangi nyeupe na kuchora mstari unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea, mistari haikutani tena, na fundi anajua kwa kutazama tu. Nati nne kati ya tano za mipira ya pawa alizichora hivyo, na ya tano akaniachia niichore mimi.

Wakamwita Mama. Alitoka amejifunga khanga mbili, akaketi, akawasha. Boaz akamwambia akate kulia. Mama akainua mabega kama zamani, usukani ukazunguka wote mara moja, naye karibu aangukie mlango. Akaukamata. Kisha akauzungusha kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kulia, kushoto, kulia, na matairi yakafuata. Akaweka vidole vya mkono ule mwingine, vilivyovimba kama ndizi, akajaribu navyo. Matairi yakafuata.

Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa sita. "Kumbe nilikuwa napigana miaka yote hii," akasema. Tutaondoka Ijumaa.

Alhamisi, 19 Desemba

Asubuhi tumekuta mafuta chini ya gari, mekundu juu ya mchanga. Mpira unavuja. Baba amesema safari isubiri.

Jumamosi, 21 Desemba

Baba alikaza, tukajaribu, pakavu. Asubuhi hii panavuja tena. Bibi nimemwambia bado.

Jumatatu, 23 Desemba

Panavuja. Nimemchukia Baba leo. Ninaliandika kwa sababu ni la kweli. Fundi wa mashine kubwa kama nyumba anashindwa na nati ya ukubwa wa jicho.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Mama hakwenda kanisani. Alikula vijiko vitatu vya pilau.

Ijumaa, 27 Desemba

Mawingu mazito. Nilikuwa nikimfunga Mama bendeji, Baba akiwa amesimama mlangoni. Mama akasema, bila kumwambia mtu fulani, "Nikishamwona mama yangu, sitakuwa na haraka tena." Alisema kwa sauti ya mtu aliyetulia, na mimi nilifurahi kumsikia ametulia. Nilipoinua macho, Baba hakuwapo mlangoni.

Jumamosi, 28 Desemba

Leo niliamka kulipopambazuka kuchota maji kabla foleni haijawa ndefu. Baba alikuwa uani, boneti iko wazi, spana mkononi. Niliposhuka kizingiti alifunga boneti akaniuliza mbona nimeamka mapema.

Alipokwenda kunawa nikafungua. Nati nne, mistari imekutana. Ya tano, ile niliyoichora mimi, mstari wake umekatika, nusu moja iko juu na nusu nyingine pembeni. Na mafuta yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kudondoka.

Saa nne nilikwenda gereji kwa Boaz. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia shule, iwapo nati inaweza kulegea gari likiwa limesimama tu. Akasema gari lililosimama halitikisiki, kwa hiyo nati yake haina sababu ya kulegea. Kisha akanitazama. "Kwa nini?" Nikasema ni swali la Fizikia.

Bibi alipopiga sikupokea.

Jumapili, 29 Desemba

Sikulala vizuri. Nilifikiri kumwambia Mama, nikaona kwamba nikimwambia nitakuwa nimemnyang'anya kitu ambacho sijui jina lake. Nikamwendea Baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje.

"Baba," nikasema, "nimeuona mstari."

Hakukana. Aliichezea spana, akaipangusa kwenye suruali. Nikasikia kwaya ya pili ikianza kanisani.

"Gari likiwa tayari, ataondoka," akasema.

Nilidhani anazungumzia safari. Halafu nikakumbuka Mama alivyosema hatakuwa na haraka tena, nikaelewa, nikakaa chini pale pale kwenye mchanga. Tangu wiki iliyopita nilikuwa nimemdharau mtu ambaye kila alfajiri alikuwa akimwongezea Mama siku moja kwa spana namba kumi na saba.

Nikamwambia kwamba Mama amekula vijiko viwili jana, na kwamba mbuga inajaa. Baba akainuka, akafungua boneti, akakaza nati ile mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaniomba kopo la rangi nyeupe. Mstari mpya aliuchora yeye mwenyewe.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Tumerudi. Nitaandika yote.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baba aliendesha mpaka Tinde, mpaka Kahama, na tukaacha lami. Mama alikuwa kiti cha kushoto, mkono umelala juu ya mto. Alivaa gauni la kitenge la mikono mirefu na mtandio wa kijani, na alikuwa amejipaka mafuta usoni yaliyomfanya aonekane ana damu. Barabara ya udongo ilikuwa imelainika lakini inapitika. Pande zote tumbaku ilikuwa imesimama kifuani kwa mtu.

Penye kisima cha shule, karibu kilomita mbili kabla ya kwa Bibi, Baba alisimamisha gari. Alimzungusha Mama kwa kumshika kiuno, akamketisha kwenye usukani, akamrekebishia kiti. Halafu akasimama nje. Hapo ndipo hushuka siku zote, kwa heshima ya ukwe, na kwenda kwa jirani kusubiri. Lakini leo, akienda, aligeuka kututazama mara tatu.

Mama aliniuliza kwenye kioo kama nimemshika. Sikujua anamaanisha nini, kwa kuwa nilikuwa nyuma, lakini nikaweka mkono wangu begani kwake nikasema ndiyo.

Akaondoa gari. Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi mbili, gia na usukani, na ulipokwenda kwenye gia, vile vidole vilivyovimba vilibaki vimegusa usukani tu, na ilitosha. Tuliingia uani kwa Bibi kwa kona moja safi, kuku wakatawanyika, na Mama akapiga honi mara mbili kama kila mwaka.

Bibi alitoka bani na majani mkononi. Ni mfupi, mkavu, anatembea haraka. Nilitegemea atakwenda upande wa Mama kumsalimu, lakini Mama alikwisha kufungua mlango wa kushoto. "Panda, Mama. Mvua inakuja. Nikuzungushe kabla mbuga haijajaa."

"Hata maji hujanywa."

"Nitakunywa baadaye. Panda."

Akapanda. Mama akamwamkia kwa kuinamisha kichwa, kwa sababu ndani ya gari huwezi kupiga goti. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameyapanga yote. Usukani uko kulia, na mkono mbovu ni wa kulia. Bibi akiwa kushoto kwake anauona upande mzima tu: shavu, sikio lenye hereni, mkono wenye saa. Mkono mwingine ulikuwa kule upande wa mlango, kando ya paja, umefunikwa mtandio. Mimi peke yangu, niliyekaa nyuma, niliona pande zote mbili.

Tulizunguka zaidi ya saa moja. Kanisani, ghala la chama, kwa Mama Euphrasia aliyevunjika mguu. Kila mahali Mama alisimamisha gari na watu wakaja dirishani kwa Bibi, wakasalimia, wakasifia gari. Kila Mama aliposhika gia, Bibi aliweka mkono wake juu ya mkono huo, na mikono ile miwili ikaenda pamoja.

"Umekonda," Bibi akasema.

"Hili gari limeninyima usingizi. Lakini tazama, Mama." Na akaukata usukani kwa kidole kimoja, kwenye kona ya ghala, mbele ya wapagazi. Bibi akapiga makofi. Akamwita mmoja wa wapagazi aje aone. Akasema baba yake Generosa angekuwapo angesema ni uchawi. Mama akaurudisha, akaukata tena mpaka mwisho kabisa, pampu ikalia, akacheka na kuuachia.

Tulimrudisha mlangoni. Bibi akasema ugali wa mtama uko jikoni, tushuke. Mama akatazama mawingu, akasema tukichelewa tutalala njiani.

"Siku nyingine, Mama."

"Mwakani uje ukae wiki nzima. Si kuja kama mtu wa posta."

"Nitakaa."

Bibi alipitisha beseni la karanga dirishani, nikalipokea mimi. Akasimama na kupunga mpaka tukapinda.

Mama aliendesha mpaka kisimani. Alisimamisha gari vizuri, akavuta breki ya mkono, akazima. Kisha kichwa kikaanguka juu ya usukani, na honi ikalia mfululizo mpaka Baba alipofika mbio akamwinua.

Ijumaa, 3 Januari

Mvua kubwa. Mbuga imejaa, wamesema redioni magari hayapiti.

Jumamosi, 11 Januari

Bibi amepiga akitaka kuzungumza na Mama mwenyewe. Amewasimulia watu wote habari za kidole. Mama alicheka kwenye simu, akanirudishia, akageukia ukuta.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Sasa niko Kidato cha Nne.

Jumamosi, 1 Februari

Mama hatoki kitandani. Baba humnywesha uji kwa kijiko, kila mara akisubiri ameze ndipo achote tena. Ni polepole ile ile ya kuchonga kishikio cha pampu. Zamani ingenikera.

Nilimuuliza Mama kama tumwambie Bibi sasa. Alisema hapana. Alisema, "Ana picha nzuri. Usimharibie."

Jumamosi, 15 Februari

Bibi: "Mama yako?" Mimi: "Yuko sokoni."

Jumatano, 19 Februari

Mama amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa shuleni. Hali ya hewa sikuitazama.

Ijumaa, 21 Februari

Leo tumemzika. Mjomba alikwenda kumchukua Bibi jana. Alimwambia kwamba Generosa ana homa na anamwita, kama wanavyofanya watu, ili mzee asianguke njiani. Bibi alishuka na kapu la karanga na majani ya dawa ya homa yaliyofungwa kwenye gazeti. Akaliona turubai. Akawaona wanawake wamekaa chini. Alisimama pale getini na lile kapu. Nilimwendea, nikapiga goti. Hakuniitikia.

Jumatatu, 24 Februari

Manyunyu. Tangu mazishi Bibi hajasema neno na Baba. Watu wanadhani ni heshima ya ukwe. Amekaa kwenye mkeka, anatazama gari lililo uani.

Jumanne, 25 Februari

Waombolezaji wengi wameondoka. Saa tano Bibi aliniita.

"Aneth. Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na siku ile ulikuwa umekaa nyuma."

"Ndiyo."

"Mkono ulikuwa unauona."

Nikasema nilikuwa nauona. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa siku nyingi, kwamba Mama ndiye alitaka, kwamba ilikuwa kwa upendo.

Kabla sijayaanza, akasema nimwonyeshe. Nikamfungulia mlango wa kulia. Alipanda kwa shida, miguu haikufika chini vizuri. Kiti kilikuwa bado kimewekwa kwa kimo cha Mama. Aliuliza Mama alikuwa ameuweka wapi ule mkono. Nikamwonyesha, hapa, kati ya paja na mlango, na mtandio juu. Bibi akaweka mkono wake wa kulia mahali pale. Akaugeuza uso kushoto, akatazama kiti alichokuwa amekalia yeye, kama anayepima mtu wa pale huona nini.

"Washa," akasema.

Nilihakikisha gari haliko kwenye gia, nikapitisha mkono, nikawasha. Bibi hakuwahi kushika usukani maisha yake yote. Aliinua mikono yote miwili, akaishusha, akatoa kidole kimoja, kile cha kuchumia tumbaku, cheusi kwa utomvu. Akasukuma. Usukani ukaenda.

"Kumbe ni mwepesi hivi."

Akasukuma tena, matairi yakachimba udongo uliolowa.

"Ungekuwa mgumu kama zamani ningemwona anahangaika," akasema. "Ningemshusha pale pale. Ningemwogesha mwenyewe. Hizi wiki saba ningekuwa nimekaa naye."

Baba alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, mbali, kama inavyompasa, na alisikia. Alikaa chini ukutani, akafunika uso kwa mikono yenye grisi isiyotoka.

Bibi hakumtazama. Aliendelea kuusukuma usukani kwa kile kidole, upande mmoja tu, mpaka ukafika mwisho wake na pampu ikaanza kulia. Mzee Gulamali alinionya kuhusu sauti hiyo. Najua inaharibu. Bibi aliushikilia hapo hapo, pampu inalia, na sote wawili, mimi na Baba, tukamwacha.